Kondo la Zamzam

Kila aliyeingia kumpongeza Zamzam aliangalia beseni kwanza, mtoto baadaye.

Siwema aliliona hilo tangu mgeni wa kwanza. Wanawake wa Mkamboni walivua ndara mlangoni, wakainama kupita chini ya pazia, na huku midomo ikisema hongera, umetoka salama, alhamdulillahi, macho yalikwenda yenyewe miguuni mwa kitanda, penye beseni la bati lenye kondo la nyuma, lililofunikwa kawa la ukili. Ndipo wakamgeukia mtoto. Wakamsifu paji la uso. Wakamsifu mapafu, maana alilia kama anayedai haki yake. Kisha mmoja wao, hakukosa mmoja, akauliza kwa sauti ya mtu ambaye hajauliza kitu:

"Utazika leo, Bi Siwema, au kesho?"

"Nitazika nikitaka."

"Si haraka, mwaya. Ila bamvua hilo linakuja na maji yake makubwa."

"Lije. Limewahi kuniomba ruhusa?"

Walicheka, wakatoka. Siwema alijua wanakoelekea: kwenye mabaraza ya mtaa wa Kidundu, kusema kwamba mpaka sasa hajazika.

Zamzam alikuwa amelala ubavu, uso kaugeuzia ukuta. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu ajifungue alfajiri hakumtazama mwanawe vizuri hata mara moja, kama mtu anayeogopa kuzoea.

"Mama," alisema wageni walipokwisha. "Usizike."

"Pumzika kwanza."

"Sitaki kupumzika. Ukilizika hilo kondo ukutani, huyu ni mfungwa kama mimi. Bora ungenizibia pumzi siku ile nilipozaliwa."

"Zamzam! Mdomo huo umeupata kwa nani?"

"Kwako."

Ilikuwa kweli.

Siwema alikuwa na kumbukumbu mbaya, mbaya kwa wale wanaopenda mambo yasahaulike. Shule aliishia darasa la saba, lakini kila gazeti lililofungiwa vitumbua alilikunjua akalisoma, na kila mkutano alikaa mstari wa mbele. Alilikumbuka hema la bluu la Mamlaka ya Kingo Hai. Alizikumbuka soda za moto, na picha kubwa iliyotundikwa kwenye kamba: Mkamboni ya kesho. Kulikuwa na vijia vya mbao juu ya matope, mabwawa ya kuvunia mvua, bustani za mwani, na watu warefu wembamba waliokuwa wakitembea bila kubeba kitu. Siwema alisimama akauliza, "Hawa mliowachora ni kina nani? Mbona hakuna hata mmoja mwenye ndoo?" Watu wakacheka. Bwana wa Mamlaka naye akacheka, akasema mradi huu ni shirikishi. Neno hilo Siwema alilitunza kama mtu anavyotunza risasi iliyotolewa mwilini mwake.

Na walikubali. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote: hakuna aliyeshikiwa fimbo. Bahari ilikuwa imekula makaburi ya upande wa mashariki, visima vimeingia chumvi, minazi imekufa imesimama. Nani angekataa?

Ukapandwa ukuta wa mikoko kuizunguka rasi yote, mpana kama kiwanja cha mpira, na matopeni ukamwagwa unga wa kijivu kutoka kwenye magunia yasiyo na maandishi. Unga ule ulikuwa kuvu. Likaamka, likaunganisha mzizi na mzizi, likawa kama ulimi mmoja mrefu uliolala chini ya tope ukionja kila kinachopita. Maabarani lilikuwa limefundishwa jambo moja tu: kilicho chako kishike, kisicho chako kiache. Mchanga wa Mkamboni ulikuwa wake, likaushika. Mawimbi hayakuwa yake, likayavunja nguvu yakapita. Ufuko ukarudi. Visima vikawa vitamu. Watu wakacheza ngoma, na Siwema alicheza nao.

Kosa walilifanya wenyewe, na sijui kama kuna watu wengine wangelifanya. Mkamboni kondo la mtoto halitupwi. Bibi mzaa mama hulichukua akalizika chini ya mnazi mchanga, na mnazi ule ukawa wa mtoto, wakakua pamoja. Lakini minazi ndiyo hiyo imekufa. Wanawake wakakaa, wakashauriana, wakaona ni kisirani kumzikia mtoto kwenye mti mkavu. Kitu pekee kilichokuwa kikiota rasi nzima ni mikoko ya ukuta. Basi wakazika huko. Mtoto wa kwanza alikuwa Zamzam.

Kuvu likaonja. Likajua: huyu naye ni wangu.

Zamzam alikuwa na miaka sita aliposhikwa. Walikuwa wakienda harusini ng'ambo kupitia mkondo, mlango pekee ulioachwa ukutani. Siwema alipita. Nyuma yake akamsikia mtoto anacheka, akidhani anatekenywa. Mizizi ilikuwa imejaa maji, imetuna, inainuka kutoka topeni taratibu kama lango zito linalosukumwa, ikamzunguka kiunoni. Haikumuumiza. Ilimshika kama mzazi anavyomshika mwanawe katikati ya umati. Aliporudishwa ndani, ikamwachia.

Walijaribu yote. Walimfunga nailoni, wakamtia kwenye pipa. Pumzi na jasho vilitosha kuvu kumjua. Walikata mizizi kwa mapanga, na kila uliokatwa ulileta ndugu zake. Waliomba helikopta, wakajibiwa kwamba bajeti ya mwaka huo haikuwa na kifungu cha helikopta. Wala ya mwaka uliofuata. Na bado makondo yaliendelea kuzikwa, maana ukuta uliokosa kondo ulidhoofika, na watoto wote waliozaliwa baada ya ukuta wakakulia humo ndani, wakiijua ng'ambo kama wanavyoijua Makka, kwa kuonyeshwa upande wake.

*

Kesho yake asubuhi alikuja Afisa Mandhari wa Mamlaka. Aliitwa Nurdini, kijana nadhifu mwenye buti za mpira na fimbo ya chuma ya kupimia kuvu. Alikuwa na adabu. Siwema angependa asiwe nayo.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba. Umekuja kumwona mtoto au beseni?"

"Vyote viwili," alisema, na angalau hapo alikuwa mkweli. Alivutiwa kigoda, akaketi, fimbo kaipitisha mapajani. "Nimepima Kidundu. Fimbo inazama mpaka mwisho, haigusi kitu. Kuvu la pale lina njaa. Upande ule hamjazaa siku nyingi."

"Wasichana wamegoma."

"Ndiyo hayo. Sasa bamvua la kesho lina upepo nyuma yake. Maji yakipanda mkono wa bahari yatavunja pale pale, na nyumba za Kidundu zitaondoka zote. Kondo moja tu, bi mkubwa. Kuvu likionja nyama mbichi na damu mbichi huzikimbilia, likazaliana. Ukizika leo, maji yakijaa mara moja na kupwa mara moja, ukuta umeziba."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakuwa salama."

"Sikukuuliza hilo."

Nurdini aliangalia buti zake. "Atakuwa mkazi wa kudumu."

"Mkazi wa kudumu!" Zamzam alisema kutoka kitandani, bila kugeuka. "Mama, umesikia? Mimi miaka yote najidhani mfungwa, kumbe nina cheo."

"Dada Zamzam, sikukusudia..."

"Usimwite dada," Siwema alisema. "Dada yako anapanda basi. Niambie, kijana, hizi zahanati za kusini. Nasikia sasa zinakusanya makondo kwenye ndoo zenye nembo yenu."

"Nani amekwambia?"

"Mtu asiyependa ndoo."

Nurdini alizungumza kama mtu aliyeyarudia maneno hayo mbele ya kioo mpaka yakamridhisha. Ukuta wa Mkamboni, alisema, ndio imara kuliko kuta zote za pwani. Walipopima wakakuta penye kondo pana unene mara mbili, na kwamba watoto wenyewe, kwa kuishi, kwa kuoga, kwa jasho lao linaloteremka na maji machafu, ndio wanaoliweka kuvu macho. Mtoto akiondoka linasinzia. Kuna miji mikubwa huko inayozama. Kuna watu maelfu kwa maelfu. "Ninyi mmegundua kitu ambacho mabingwa hawakukigundua."

"Sisi tulikosea," Siwema alisema. "Ninyi ndio mliogundua. Mlikuja mkaona kosa letu lina faida kwenu, mkalipaka rangi. Lakini haya. Nikuulize kimoja kabla hujaondoka. Pale Kidundu mmeweka waya wa miba. Waya hauzuii maji. Unazuia nini?"

"Ni kwa usalama."

"Wa nani?"

Kijana alisimama, akaomba radhi, akasema ni hiari, hakuna anayemlazimisha mtu. Alikuwa ameshatoka nje wakati Siwema bado anautazama mlango. Waya. Penye kuvu lenye njaa hakuna wa kushika. Mtu wa ukuta, aliyezikiwa kondo humo, akifika hapo, anapita. Hawaogopi maji kuingia Kidundu. Wanaogopa watu kutoka.

*

Jembe lilitangulia kuingia, kisha mwenye jembe. Alikuwa Mwanahija, au Hija tu, shoga wa Siwema tangu wakiwa wanacheza kombolela, na nyuma yake binti yake Mize, msichana mrefu wa miaka kumi na sita ambaye naye alikuwa wa ukuta.

"Nimekuletea jembe," Hija alisema. "Nimeona labda lako limepotea."

"Langu lipo."

"Basi mikono ndiyo imepotea."

"Kaa, Hija."

"Sikai! Siwema, nyumba yangu ndiyo ya kwanza. Maji yakivunja yanaanzia jikoni kwangu. Nyumba ile niliinua mwenyewe baada ya kufiwa, kwa kachori, unajua, kwa kachori na bajia, mpaka macho yakataka kutoka kwa moshi. Leo iende kwa ajili ya kitu ambacho paka angekila?"

"Kama ni cha paka, mbona umekifuatia na jembe?"

Mtoto alikohoa kitandani. Zamzam, kwa mara ya kwanza, alinyoosha mkono akamvutia kwake.

"Kondo la Mize liko wapi?" Siwema aliuliza.

"Unajua liliko. Tulikwenda wote, ukanishikia taa."

"Akiumwa kesho, akahitaji kupasuliwa, utampeleka wapi?"

"Mungu hajaleta hayo."

"Kwa mtoto wa Bi Riziki aliyaleta." Mkamboni nzima ilikuwa imesimama mkondoni siku ile, machela imeinuliwa juu, mizizi imeikumbatia pande zote, daktari yuko upande wa pili anaita, mpaka ikawa hakuna tena haja ya daktari.

Ndipo Siwema akamweleza habari ya waya. Alieleza pole pole, maana alitaka Mize asikie, na alijua si haki kusema mbele ya msichana, na akasema vivyo hivyo. Alipomaliza, Mize alikuwa amekwisha kuvaa ndara.

"Mama, maji yamekupwa. Twende nikajaribu."

Walikwenda mchana kweupe, watu wanaona. Kidundu ilikuwa nyumba chache za matumbawe na mabati zilizoupa mgongo mkono wa bahari, na mbele yake ukuta, ambao pale ulikuwa na majani ya manjano na tope lililotulia kama uji uliopoa. Mize alipita chini ya waya, akauacha ukimkwaruza mgongo. Akakanyaga.

Mahali pengine popote mizizi ingemdaka kwenye safu ya kwanza. Hapa hakuna kilichotikisika. Akaenda safu ya pili. Ya tatu. Hija alishika waya kwa mikono mitupu bila kujua ameshika nini. Kwenye safu ya nne mzizi mmoja uliinuka, ukapapasa kama mzee anayetafuta kobazi, ukamgusa kisigino. Mize akarudi akiruka, akaanguka, akafika kwao ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, akicheka na meno yanagongana.

"Imechelewa! Mama, imechelewa! Nimeona mashamba ya chumvi ya ng'ambo, wazi kabisa, bila matawi!"

Hija aliketi chini pale pale. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu.

"Kwa hiyo unataka nyumba yangu," alimwambia Siwema.

"Naam."

"Liseme lote."

"Nataka bahari ivunje pale ilipo njaa, iibebe nyumba yako, ili Mize atoke, na Zamzam, na mjukuu wangu abaki kama alivyozaliwa, si wa mtu wala wa kitu. Sina namna ya kulisema likawa tamu."

"Na wewe nyumba yako iko juu kwenye jiwe."

"Iko juu. Utakuja kukaa."

"Nikae kwako? Unakoroma kama mashine ya kusaga." Hija aliinuka, akachukua jembe lake, akaenda zake bila kuaga.

Siwema alikuwa amezoea kupiga kelele dhidi ya watu wa hema la bluu. Hakuwa amezoea kumwomba shoga yake kila alichonacho. Alisimama akitafuta maneno mengine, bora zaidi, ya kwenda kumwambia, na akiwa bado anayatafuta alisikia bati linalia. Hija alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa ameingiza jembe chini ya bati la kwanza la paa lake, anang'oa.

"Simameni hivyo hivyo!" aliwafokea majirani waliotoka kutazama. "Mnangoja nini? Hamna watoto ninyi?"

Si wote waliokubali. Bi Riziki alikubali kabla hajaulizwa. Mzee mmoja alimwita Siwema mwuaji, akasema atamshtaki duniani na akhera, na huku anasema hivyo wanawe walikuwa wanatoa kitanda nje. Mpaka jua linatua, Kidundu ilikuwa imehamia juu kwenye jiwe, na masufuria, na kuku, na matusi yake.

*

Kabla ya adhuhuri ya siku ya bamvua Nurdini alirudi, safari hii na sanduku la barafu. Alimkuta Siwema kwenye tanuri la chokaa, magogo yamewaka mpaka mawe yameiva kwa wekundu, na beseni liko mkononi.

"Bi Siwema, tafadhali. Nipe mimi nizike. Wewe hutakuwa umefanya chochote."

"Ndivyo mnavyopenda. Mtu asiwe amefanya chochote."

"Unaua ukuta."

"Siuui. Nimeacha kuulisha tu."

Akalimimina kondo motoni. Hakukuwa na ajabu yoyote. Palitoa mlio wa kukaanga, pakafuka, harufu ikawa kama ya jiko lolote. Alihisi aibu, kisha huzuni kubwa, kwa sababu bibi zake wote walizika na yeye ndiye wa kwanza kuchoma, na hakuna mti wowote utakaokua na mtoto huyu. Nurdini alisimama na sanduku lake lililojaa barafu tupu. Halafu akatembea kwenda kwenye boti yake, akiongea na simu. Siwema hakumfuata. Aliagiza koleo, na vijana wakakata waya wa Kidundu.

Maji yalijaa saa za alasiri. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda mkono wa bahari kama kitu kinachovuta pumzi na kusahau kuitoa, yakafika kwenye majani ya manjano, yakayapita, na tope lote la Kidundu likaondoka kwa mara moja, kama zulia linalovutwa. Mikoko ililala. Nyumba ya Hija ilisimama muda wa kutosha watu kusema huenda itabaki, kisha ukuta wa jikoni ukaingia ndani. Hija hakulia. Alisema, "Jiko lilikuwa dogo hata hivyo."

Walingoja maji yaanze kupwa, ili yawasukume kwenda nje. Vijana wa ukuta walisimama kwenye ukingo na vifurushi vichwani. Wengine walighairi, wakarudi kwa mama zao, na hakuna aliyewacheka. Mize aliingia wa kwanza. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akapita pale palipokuwa na safu ya nne, akapita, akatambaa kwenye kingo za mashamba ya chumvi na kusimama. Alisimama tu, hakupunga mkono. Ndipo wote wakaingia kwa pamoja, wakipiga kelele kama watoto wanaotoka madrasa.

"Haya, zamu yetu," Siwema alisema. "Nipe mtoto, nimbebe mimi, wewe unishike bega."

Zamzam alimpa mtoto. Lakini hakushika bega. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na ya chini ilikuwa imelowa.

"Mimi sitangulii, mama. Wakimaliza wote."

"Maji hayatakungoja."

"Bado natoka damu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema amesahau ufunguo. "Yule kijana alisema nini? Damu mbichi kuvu huikimbilia. Nikiingia sasa nawafungia wote mlango."

Siwema alikuwa amefikiri habari ya nyumba, ya waya, ya maji kujaa na kupwa, ya kondo. Siku mbili alimkanda mwanawe kwa maji moto, akafua vitambaa vyake kwa mikono yake mwenyewe, na hilo hakulifikiri.

"Tutangoja wote," alisema.

"Huyu akiwa humu boti ikirudi na watu wa Mamlaka, watamchoma sindano watoe damu wakaulishe ukuta. Unawajua kuliko mimi. Mpitishe."

"Zamzam."

"Mpitishe, mama! Mimi nitajaribu mwisho. Nikipita nimepita."

Hija alikuwa amekuja nyuma yao bila kusikika. Alimshika Zamzam mkono juu ya kiwiko, kwa viganja vyake vilivyofungwa vitambaa. "Nenda," alimwambia Siwema. "Mimi niko naye."

Siwema aliingia majini. Alimwinua mtoto juu ya kichwa kama watu wabebavyo kitu cha msikitini, na kila hatua aliingoja mizizi. Hakuna kilichomgusa. Hakuna kilichomgusa mtoto. Ukuta haukumjua. Alipotoka upande wa pili, amelowa mpaka shingoni, aligeuka, akaona wa mwisho wa vijana anapanda kingo, na nyuma yake Zamzam anaweka mguu majini.

Safari hii mizizi haikuchelewa. Ilitoka pande zote mbili za tundu, kutoka kwenye ukuta mnene uliokuwa umelala, mingi, myembamba, myeupe kwa upya wake, ikikimbilia wekundu ule kama vifaranga. Ilimfika magotini. Hija alimkumbatia kiunoni kutoka nyuma akamvuta, wakaanguka wote wawili juu ya tope la ndani, na mizizi ikaendelea bila wao, ikashonana, ikatuna, safu juu ya safu. Kazi ambayo Mamlaka ililitakia kondo, damu ya Zamzam iliifanya mbele ya macho yao.

"Zamzam!"

"Nipo!" Sauti ilitoka nyuma ya mizizi. "Amepita?"

"Amepita!"

"Basi usirudi naye!"

Kupitia matundu yaliyokuwa yakizibana Siwema aliona kipande cha kanga, kisha kipande cha tope tupu. Mize alikuja mbio akasimama kando yake, akaita mama, mama, na Hija akamjibu kwa kufoka, kwa sauti ile ile ya juu ya ngazi:

"Msikilize Bi Siwema! Na wewe Siwema, huyo akikwambia ameswali, hajaswali! Chakula cha baridi kinamdhuru! Umesikia?"

"Nimesikia! Na wangu usimwache peke yake!"

"Mimi sina pa kwenda, nimwache niende wapi?"

Mize alianza kucheka na kulia. Kisha mzizi wa mwisho ukakaa mahali pake, na hapakuwa na sauti tena, ila maji yanayochuruzika kurudi baharini.

Mtoto aligeuza uso, akapapasa kwa mdomo kifua cha Siwema, akapata kanga iliyolowa chumvi. Akaikataa. Akalia. Vijana wa ukuta walikuwa wametawanyika juu ya kingo nyeupe za mashamba, wanatembea kwa kukanyaga kwa uangalifu, kama watu wasioamini kwamba ardhi itawaachia mguu unaofuata. Mbali, upande wa nyumba za wafanyakazi wa chumvi, kulikuwa na moshi wa chakula cha jioni.

"Twende, Mize," Siwema alisema. "Tupige hodi kila mlango. Tutafute mwanamke anayenyonyesha."